Mafuta yamepoa, soda haijapoa: kutafuta kosa la joto jikoni, dukani na maabara

Moto ndio hushutumiwa kwanza. Maandazi yakitoka yamelowa mafuta, mkaa mbaya. Soda zikifika jioni bado ni vuguvugu, friji imechoka. Mara nyingi mkaa na friji havina hatia. Kosa limo kwenye kile ulichotia ndani: uzito wake, na kiasi cha joto kinachohitajika kukibadilisha kwa nyuzi moja.

Kiasi hicho, kwa kila kilo, ndicho joto mahususi. Kilo ya maji hudai kilojuli 4.2 (kilojuli ni kipimo cha nishati ya joto) ili ipande nyuzi moja ya Selisiasi, na ikishuka nyuzi moja hurudisha zilezile 4.2. Mafuta ya kupikia hudai kama 2, alumini 0.9, kioo na tofali 0.8 na ushee, chuma 0.45, shaba 0.39. Zidisha uzito kwa namba hiyo, kisha kwa idadi ya nyuzi, na umepata karibu kila hesabu utakayoiona hapa chini. Kinachobaki ni maji yanapobadilika hali: kilo moja ikigeuka mvuke hula kilojuli 2,260 bila kupanda hata nyuzi moja, na kilo ya barafu ikiyeyuka hula 334.

Dalili: chipsi au maandazi yamelowa mafuta, yamepauka

Karai lina lita 2 za mafuta, yamefika nyuzi 180, unatia viazi, povu linapanda kwa kishindo halafu linatulia mapema mno. Hapo mafuta yameshuka.

Tufanye hesabu. Lita 2 za mafuta zina uzito wa kilo 1.8 hivi. Zikishuka kutoka 180 hadi 150 zinatoa 1.8 × 2 × 30, yaani kilojuli 108. Sasa tazama upande wa viazi. Kiazi kibichi kwa sehemu kubwa ni maji, hivyo joto mahususi lake liko juu, kama 3.5. Nusu kilo ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 100 inadai kilojuli 131. Na hapo bado haijaiva, kwa sababu chipsi hupata gamba baada ya maji ya juu kutoka. Zikitoka gramu 100 tu za mvuke, ongeza kilojuli 226. Jumla ni 357. Mafuta yenyewe yalikuwa na 108 za kutoa kabla ya kuharibu kazi. Zilizobaki zinatoka jikoni, na jiko linaloingiza kilowati moja ndani ya karai linatoa kilojuli moja kwa sekunde. Piga hesabu ya dakika mwenyewe, utaona kwa nini foleni ya wateja haiishi.

Kipimo ni rahisi: kwa moto uleule, tia nusu ya kiasi ulichozoea. Zikitoka nzuri, tatizo lilikuwa wingi, na kuongeza mkaa kusingesaidia sana. Ama punguza mkupuo, ama ongeza mafuta. Mafuta yakiwa mara mbili, mshuko unakuwa karibu nusu, ingawa nayo yatachukua muda mara mbili kupata moto asubuhi.

Kama nusu ya kiasi nayo imeharibika, tazama maji. Viazi vilivyotoka kwenye ndoo ya kuoshea bila kukaushwa hubeba maji juu yake, na gramu 50 za maji hayo, kama vijiko vitatu vikubwa, zinakula kilojuli 129 hadi zigeuke mvuke wote. Ni karibu sawa na joto la kupandisha nusu kilo nzima ya viazi hadi 100. Kitambaa kikavu, au chekecheke na dakika kumi za upepo, kinaokoa mkaa kuliko kupuliza jiko. Viazi vilivyotoka kwenye friza ni vibaya zaidi, maana barafu iliyo ndani lazima iyeyuke kwanza ndipo safari ya kupanda ianze.

Jambo jingine ambalo wakaangaji wengi hawalipi uzito: sehemu kubwa ya mafuta huingia chipsi zikiisha kutolewa, si zikiwa karaini. Mvuke wa ndani unapopoa hunywea na kuyavuta mafuta yaliyoshika juu. Zikung'ute kwenye chujio mara tu zinapotoka, zikiwa bado zinachemka. Ukizimwaga kwenye sinia zikalala, zitayanywa mafuta.

Dalili: nje nyeusi, ndani mbichi

Hili ni tatizo la kinyume, nalo huja zaidi kati ya mkupuo na mkupuo. Mafuta hudai chini ya nusu ya joto linalodaiwa na maji, kwa hiyo kwa moto uleule yanapanda zaidi ya mara mbili kwa kasi. Tena maji yana breki, yakifika kwenye mchemko yanasimama hapo. Mafuta hayana breki hiyo. Dakika chache za kuhesabu chenji huku karai liko tupu motoni zinatosha kuyapeleka kwenye moshi. Andazi nene likitumbukia humo linapata rangi kabla joto halijafika katikati, kwa sababu unga hupitisha joto polepole. Acha vipande vichache vya kukaangwa karaini kila wakati, au vuta mkaa pembeni mteja akiisha. Maandazi makubwa yapikwe kwa mafuta ya kama nyuzi 170, si zaidi.

Na mafuta yakishika moto, usimwagie maji kamwe. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama, yanageuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Funika kwa mfuniko wa bati, zima gesi, usilisogeze karai.

Dalili: chapati ya kwanza imeungua, ya tatu haiivi

Angalia kikaango chako. Cha alumini chepesi, tuseme gramu 300, kinabeba kilojuli 0.27 kwa kila nyuzi. Cha chuma cha kilo 2.5 kinabeba 1.1. Chapati ya gramu 80 inahitaji kama kilojuli 16 ili ifikie nyuzi 95. Ukizitoa zote kwenye kikaango chenyewe bila msaada wa moto, kile chepesi kinaporomoka karibu nyuzi 60, kile kizito hakifiki 15.

Watu husema chuma kinatunza joto. Kwa kilo, chuma kinatunza nusu ya alumini. Kinachosaidia ni ule uzito tu, na alumini nene ya uzito uleule ingekishinda, kisha ingesambaza joto vizuri zaidi, maana alumini hupitisha joto zaidi ya mara tatu kuliko chuma. Ndiyo sababu chapati ya kwenye chuma hutoka na madoa meusi pale mkaa ulipolundikana. Zungusha kikaango, au tandaza mkaa.

Mwenye chuma asubiri kabla ya kuanza, na akumbuke kwamba kikizidi moto hakishuki kwa kupunguza gesi. Akiepue kabisa kwa muda. Mwenye kikaango chepesi asiongeze moto mwanzoni, asubiri kidogo kati ya chapati na chapati.

Dalili: chai ndani ya chupa inapoa kabla ya saa nne

Kabla hujanunua chupa nyingine, jiulize uliijaza kiasi gani. Ganda la kioo la ndani, likiwa na gramu 200 na limelala usiku kucha likiwa na nyuzi 25, linadai joto lake mara tu chai inapoingia. Lita nzima ya chai ya nyuzi 95 itashuka karibu nyuzi 3 tu. Kikombe kimoja cha robo lita kitashuka karibu 10 papo hapo, na baada ya hapo kitaendelea kupoa haraka zaidi kwa sababu kina akiba ndogo wakati njia za kutorokea joto ni zilezile. Suuza chupa kwa maji yanayochemka, yaache humo dakika mbili, mwaga, ndipo utie chai. Chai ya watu wawili isiwekwe kwenye chupa ya lita mbili.

Ikiwa umejaza, umesuuza, na bado inapoa, shika ubavu wa chupa kwa nje. Ukihisi uvuguvugu, ule utupu kati ya kuta mbili umeingia hewa. Mwanasayansi James Dewar aliibuni chupa ya namna hii mwaka 1892 ili kutunza gesi zilizofanywa kimiminika, na siri yake kubwa ni huo utupu. Ukitoweka hakuna fundi wa mtaani wa kuurudisha. Ubavu ukiwa baridi, kosa liko juu: kizibo kimelegea au mpira umepasuka.

Dalili: soda zimeingia friji asubuhi, mchana bado si baridi

Hapa mwenye duka humlaumu anayefungua mlango ovyo. Tumpe haki yake kwa namba.

Chupa ya kioo ya mililita 300 ina kinywaji kinachobeba kilojuli 1.26 kwa nyuzi, na kioo chenyewe, kikiwa gramu 400, kinaongeza 0.34. Kutoka nyuzi 30 hadi 5 ni kilojuli 40. Kreti ya chupa 24 ni 960. Friji ya nyumbani inayotoa joto kwa kiwango cha wati 100 itahangaika na kreti hiyo saa mbili na dakika arobaini, hata kama hakuna joto jingine linaloingia. Na linaingia.

Sasa mlango. Hewa iliyojaza friji ya lita 200 ni kama robo kilo tu, na kilo ya hewa hudai kilojuli moja tu kwa nyuzi. Hewa yote ikitoka na ya nje ikaingia, hata ukihesabu unyevu wa pwani utakaogeuka maji ndani, mzigo ni kama kilojuli 20, nusu ya chupa moja. Kwa hiyo mtoto aliyefungua mara mbili hajaharibu kitu. Duka linalofungua mara hamsini kabla ya adhuhuri, hilo ndilo limejiongezea kreti ya pili bila kujua.

Dawa: jaza usiku, si asubuhi. Usichanganye kreti nzima ya moto na chupa zilizokwisha poa, maana mpya zitazirudisha za zamani juu. Acha nafasi kati ya chupa, kwa sababu hewa iliyotulia ni mbebaji mbovu wa joto. Ukiwa na haraka, tumia ndoo ya maji na barafu. Maji huizunguka chupa yote na kuvuta joto haraka mno kuliko hewa ya friji. Kreti moja inahitaji kama kilo 2.7 za barafu. Lakini wengi hutia maji mengi kisha hushangaa barafu imeisha, kumbe lita 5 za maji ya nyuzi 30 zimekula kilo moja na nusu ya barafu kwa ajili yao wenyewe. Tia maji ya kufunika mapengo tu.

Dalili: mtungi hauwapi maji ya baridi

Mtungi hupoza kwa maji yanayopenya ukutani na kukauka nje. Robo lita ikikauka kutoka mtungi wa lita 20 huweza kuyashusha yaliyobaki nyuzi 7 hivi. Ukiwa Dodoma wakati wa kiangazi, hewa kavu inafanya kazi hiyo vizuri. Ukiwa Mombasa au Tanga siku ya mvuke mwingi, usitarajie makubwa, kosa si la mtungi. Kama jirani mmoja anapata maji baridi na wewe hupati, tazama kama mtungi wako umepakwa rangi ya mafuta, umefungiwa kabatini, au vitundu vyake vimezibwa na chumvi ya maji ya kisima. Usugue nje kwa brashi na uuweke penye upepo na kivuli.

Dalili: jua limezama, chumba bado kinachoma

Bati hulaumiwa bure kwa joto la usiku. Mita moja ya mraba ya bati jembamba ina kilo tatu hivi, inabeba kilojuli 1.3 kwa nyuzi, na baada ya machweo inapoa kwa dakika chache. Mita ya mraba ya ukuta wa tofali za saruji za inchi sita ina kama kilo 300, inabeba zaidi ya 260. Ukuta unaotazama magharibi umepigwa jua tangu saa saba mchana, na saa nne usiku ndio unaanza kuurudisha ule mzigo ndani. Weka kiganja kwenye kuta zote nne, utaujua mwenye kosa. Kivuli juu ya ukuta huo, cha mti au cha veranda, kinafaa kuliko feni. Joto la mchana ndilo la bati, na dawa yake ni silingi.

Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa za Lamu na Mji Mkongwe zinatumia tabia hiyohiyo kwa faida: vichochoro vyembamba huzinyima jua, na ule uzito huchelewesha joto linalobaki.

Dalili: jibu la maabara limekataa

Hili ni la wanafunzi na walimu wao. Tangu mwanasayansi Joseph Black alipoanza kutofautisha joto na halijoto huko Scotland katika miaka ya 1760, njia ya kuchanganya haijabadilika sana: metali ya moto ndani ya maji baridi, soma halijoto ya mwisho, piga hesabu. Tuchukue kipande cha shaba cha gramu 200 kutoka maji yanayochemka ya nyuzi 98, kinatumbukizwa kwenye gramu 100 za maji ya nyuzi 25, ndani ya kalorimita, yaani kikombe cha kupimia joto, ya shaba ya gramu 80. Bila kosa lolote, kipimajoto kitasimama karibu na 35.8 na hesabu ya joto mahususi la shaba itatoa 0.39.

Umepata 0.36? Kuna washukiwa wawili wakubwa. Wa kwanza ni kusahau kuiingiza kalorimita kwenye hesabu, maana nayo imepata joto. Wa pili ni mchemko. Vitabu huandika 100, mwanafunzi huandika 100 bila kutazama kipimajoto, na yuko Arusha au Nairobi ambako maji huchemka kwenye 94 au 95. Ukiamini 100 wakati shaba imetoka na 95, jibu linashuka hadi 0.36 hata kama mengine yote umefanya sawa. (Maharage ya huko juu yanachelewa kuiva kwa sababu hiyohiyo.) Soma kipimajoto, uandike ulichosoma.

Umepata 0.38? Pengine shaba imepoa njiani. Ikipoteza nyuzi 2 hewani, kosa ni dogo, la asilimia 3 au 4. Walimu husisitiza kukimbia na kipande, na kwa kukimbia huko wanafunzi huleta kosa kubwa zaidi, lile linalotoa 0.43. Ni maji ya moto yaliyonata kwenye shaba na uzi wake. Gramu 2 tu za maji hayo, kijiko kidogo kisichojaa, zinapandisha jibu kwa zaidi ya asilimia 10, kwa sababu maji hubeba joto mara kumi na moja ya shaba kwa uzito uleule. Kung'uta kwa sekunde moja kuna faida kuliko kuwahi kwa sekunde moja. Bora zaidi, weka kipande ndani ya neli kavu, na neli ndiyo iingie kwenye maji yanayochemka. Subiri dakika kumi kipate joto lote.

Kipimajoto kikipanda na kushuka bila kutulia, hujakoroga. Soma kiwango cha juu kabisa baada ya kukoroga taratibu, usisubiri kitulie, maana kinapotulia tayari kalorimita inapoteza joto kwa chumba.

Na kama umepata 0.40 kwa mara ya kwanza, usishangilie bado. Kosa la kipande chenye maji yaliyonata na lile la kalorimita iliyosahaulika hufutana, na kwa vipimo vya hapo juu makosa hayo mawili pamoja hutoa 0.40 safi. Rudia kwa kipande cha gramu 50. Maji yanayonata juu yake hayapungui kwa kiwango kile uzito wa shaba unavyopungua, kwa hiyo kama kipande hubeba maji, safari hii jibu litaruka juu waziwazi.